Vyura wa Jenerali Kuang

Kwa heshima na taadhima, na kwa idhini niliyojipa mwenyewe, natangaza kwa wakazi wote wa Minneapolis, Saint Paul na vitongoji vyake, kuanzia Maple Grove tunakoishi hadi Roseville tunakotafutia riziki, ya kwamba mimi, Zachariah Wanjohi, mwenye umri wa miaka kumi na sita na miezi mitano, niliteuliwa mwezi wa pili mwaka huu kuwa Mwanahistoria Rasmi wa Jenerali Kuang Deyin, kamanda mstaafu wa divisheni na aliyekuwa kiongozi wa mkoa wenye watu milioni nne huko China.

Uteuzi huo ulikuwa adhabu.

Ilikuwa hivi. Nilipotimiza miaka kumi na mmoja, wazazi wangu waliamua kwamba shule za Marekani zingeniharibu, wakanipeleka Kenya, shule ya bweni yenye baridi kuliko sala zao. Nilikaa huko miaka mitano. Nilirudi na adabu zote walizonituma kuzichukua, pamoja na nyingine ambazo hazikuwa kwenye orodha. Nilirudi pia na mwandiko mzuri na sauti ya mdahalo, kwa hiyo kanisa letu likanipa kazi. Mkenya akifariki katika miji hii miwili, mimi ndiye niliyeandika wasifu wake kwa kile kijitabu cha mazishi.

Kazi hiyo ina kanuni, na kanuni ni rahisi. Kuzaliwa, Elimu, Kazi, Ndoa, Ugonjwa na Kifo. Marehemu wote walikuwa watu wa watu. Hakuna marehemu aliyewahi kugombania mpaka wa shamba, hakuna aliyelewa, hakuna aliyeacha mke Nakuru. Mwezi wa kwanza, alipofariki Mzee Jairus, niliandika kurasa mbili za namna hiyo mpaka miguu ikaanza kunicheza chini ya meza. Nikaongeza sentensi moja: kwamba siku aliyofariki, hata vyura wa bwawa lake kule Kinangop walinyamaza siku tatu kwa heshima.

Pasta aliisoma kwa sauti ya kutetemeka. Kanisa likasema amina. Mtu mmoja tu kati ya mia mbili alikumbuka kwamba Mzee Jairus hakuwahi kuwa na bwawa, naye alikuwa mama yangu, Susan.

"Wewe na vyura," aliniambia kwenye gari. "Chura kwa kofia ya naibu mwalimu mkuu. Chura kwa sanduku la chaki. Nililipa nauli nikaja mpaka Kenya kuomba msamaha juu ya chura! Sasa umemletea marehemu?"

"Alikuwa mtu wa watu, Mum. Kwa nini asiwe mtu wa vyura?"

Hakucheka. Tangu siku hiyo, nikitoka shule alinichukua mlangoni na kunipeleka moja kwa moja kazini kwake, nyumba moja ya matofali huko Roseville, ambako amemhudumia Jenerali Kuang kwa miaka miwili. Kazi yangu ilikuwa kukaa mahali aliponiona.

Sasa, kukaa ndiko kulikonishinda. Mtu aliyeishi kwa kengele miaka mitano, kila dakika arobaini inuka, toka, kimbia, panga foleni, hawezi kuwekwa kwenye kochi la Roseville mwezi wa pili na theluji dirishani akabaki na akili. Nilizunguka sebule. Nilihesabu vitabu. Nilibadilisha chumvi na sukari, nikarudisha mwenyewe kabla ya kukamatwa, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kucheka naye.

Halafu niligundua kuna mwingine aliyeshindwa kukaa.

Jenerali alikuwa anakaribia miaka tisini na miwili. Alikuwa mrefu, amekonda, na mguu wake wa kushoto ulikosa vidole viwili. Kila alasiri alishika fremu yake ya kutembelea akazunguka meza ya chakula mara arobaini. Hakuzunguka kwa sababu daktari alisema. Alizunguka kama mtu anayesubiri kuitwa. Akimaliza, alimgeukia Mama na kusema neno moja kati ya matatu ya Kiswahili aliyojifunza kwake, pamoja na "pole" na "chapati".

"Bado?"

"Bado, Mzee," Mama alimjibu. Wakati mwingine alimaanisha chai, wakati mwingine binti yake kurudi kazini. Mara nyingi sikujua wanazungumza juu ya nini, na nadhani hata wao hawakujua.

Binti huyo, Anti Stacy, ni mfamasia wa maduka mawili. Aliposikia kutoka kwa Mama kwamba naandika wasifu (Mama alisahau kumwambia kwa nini nimeacha), macho yakamng'aa.

"Baba anatimiza miaka tisini na miwili mwezi wa tatu," alisema. "Anataka maisha yake yasomwe mbele ya wageni. Anasema kila siku. Mimi sina muda, na Kichina changu cha kuandika ni cha mtoto. Atazungumza kwenye simu, apu itageuza kuwa Kiingereza, nitakutumia kurasa bila hata kuzifungua. Wewe zipange. Siku yenyewe utasoma kwa Kiingereza, mimi nitawageuzia wageni Kichina. Kurasa mbili. Iwe ya furaha."

Mama alinitazama kwa jicho linalosema mengi. Mimi niliinamisha kichwa kama kiranja anayekabidhiwa funguo.

Kurasa zilianza kuja, na nasema kwa uso mkavu kabisa: zilikuwa nzuri.

Alizaliwa kwa wafyatua matofali. Alipokuwa na miaka kumi na sita jeshi lilipita kijijini, na kwa kuwa jeshi lilikuwa na uji na nyumbani kwao hakukuwa na uji, alilifuata. Alibebeshwa sufuria. Hakujua kusoma. Safarini, askari wa mbele yake alibandikwa karatasi mgongoni yenye neno moja. Kijana Kuang alilitazama kutwa nzima akitembea, na jioni walibadilisha. Hivyo alijifunza kusoma kwa migongo ya watu. Vidole viwili viliachwa kwenye theluji ya Korea. Baadaye alichimba mahandaki ya reli milimani, akapanda cheo, akapewa kombania, kikosi, divisheni, na hatimaye nyota ya jenerali. Kisha, alipokuwa na miaka hamsini na saba, walimvua magwanda wakampa mkoa.

Hakuwahi kuomba mkoa. Aliuongoza kwa njia aliyoijua: kengele saa kumi na mbili asubuhi, makarani wote uani wakinyoosha viungo, karamu marufuku ofisini. Alijenga madaraja mia mbili na kumi na mawili, na kila daraja alilivuka kwanza mwenyewe kwa miguu. Watu walimwogopa, kisha wakamzoea, kisha baadhi wakampenda. Nilisoma hayo na kuona kwamba nimeishi miaka mitano katika mkoa wake bila kujua.

Alasiri moja alinionyesha ile mbinu ya migongo. Aliandika neno kwa kalamu nene, akalibandika mgongoni kwangu kwa plasta ya hospitali, akaniamuru kwa kidole nitangulie. Tukazunguka meza, mimi mbele, yeye na fremu yake nyuma, akilisoma neno kwa sauti kila hatua. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Bwenini, karatasi ya mgongoni huwa imeandikwa "nipige teke", kwa hiyo nilimwuliza Anti Stacy kwa tahadhari maana yake.

"Kuaminika," alisema.

Niliivua haraka. Ilikuwa inawasha.

Ukurasa wa mwisho ulikuja Jumatano moja, siku kumi na nane kabla ya sherehe. Nauweka hapa wote, kwa sababu nimeusoma mara nyingi kuliko somo lolote la Biblia:

*Mwaka wa mafuriko, tuta la tatu halikuvunjika. Nililivunja mimi. Maji ya mto yalikuwa yamebakisha kimo cha kiganja kuingia mjini, na mjini kulikuwa na watu laki sita. Niliagiza tuta lilipuliwe upande wa vijiji. Malori ya kuwatoa watu yalichelewa. Watu wanne hawakutoka. Asubuhi yake nilitia sahihi taarifa kwamba mlinzi wa tuta alilala. Mlinzi hakulala. Ndiye aliyekuja mbio kuniomba nisubiri malori. Nataka haya yasomwe Mwalimu Tao akiwepo. Nimecheza naye miaka tisa na sijaweza.*

Mwalimu Tao nilimjua. Kila Alhamisi alikuja kutoka Saint Paul, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, akacheza na Jenerali sataranji ya Kichina. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mkoa uleule, kabla mwanawe hajamleta huku. Walicheza bila maneno. Jenerali alishinda mara chache sana kwa mtu aliyewahi kuongoza divisheni.

Nilikaa na ukurasa huo dakika nyingi. Hiyo nayo ni rekodi, kukaa. Kisha nikaanza kuzunguka meza. Jenerali alikuwa anazunguka pia, upande wa pili, na tulipokutana kwenye pembe aliniuliza:

"Bado?"

"Bado, Mzee," nikasema.

Tulipokuwa tunarudi Maple Grove, matope ya theluji na chumvi yakipiga kioo, nilimwuliza Mama.

"Mum, mtu anaweza kuandika kosa kwa wasifu?"

"Kosa gani?"

"Kosa la mwenyewe. Kitu kibaya alifanya."

"Umeona wapi? Makosa tunaachia Mungu. Wasifu ni wa watu."

"Na kama mwenyewe ndiye anataka isomwe?"

"Watu wakizeeka hutaka kusema vitu, Zaka. Kazi ya wenye nguvu ni kuwafunika blanketi." Aliwasha taa ya kugeukia. "Ukisoma makosa ya mtu, halafu nani atakaa na watoto wake ale chakula? Kwani umeandika nini?"

"Hakuna."

"Zaka."

"Hakuna, Mum. Nilikuwa nauliza tu."

Sasa, kama ningekoma hapo, ningeweza kujitetea. Ningesema nilifuata mila, na mila yetu ni kwamba mtu hasomewi dhambi zake mbele ya chakula. Nilifuta ukurasa ule kwenye laptopu, na mpaka hapo mimi ni mtoto mtiifu wa jamii yangu.

Lakini pale ulipofutwa palibaki tundu. Mwaka mzima wa mafuriko haukuwepo, na mtu yeyote wa mkoa ule angeshangaa. Kati ya karatasi alizonipa Anti Stacy kulikuwa na tafsiri ya wasifu wa zamani wa serikali, wenye mstari mmoja tu juu ya mwaka huo: *alisimamia uokoaji baada ya tuta la tatu kuvunjika kwa uzembe wa mlinzi.* Mstari mmoja mkavu. Miguu ikaanza kunicheza. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimeandika hivi:

*Mwaka wa mafuriko, mlinzi wa tuta la tatu alilala usingizi mzito hata vyura wa mto wakamwandikia Jenerali barua rasmi kulalamikia kukoroma kwake. Kabla barua haijafika, tuta lilivunjika. Jenerali aliogelea kwa mkono mmoja, mkono wa pili akiwa amebeba nguruwe wa serikali, na vyura wakampigia saluti.*

Nilicheka peke yangu chumbani. Nilikuwa nimemjua mlinzi kwa muda wa saa nne, na nilijua kwamba hakulala.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Nilidhani ni ile hali yangu ya kawaida, ile ya kukosa kengele. Nilikunywa maji, nilitoka nje bila koti, nilirudi, nilitoka tena. Darasani mwalimu aliniuliza kama nataka kwenda chooni, nikasema ndiyo, nikazunguka jengo zima mara mbili. Mara tatu nilifungua laptopu kuurudisha ukurasa wa kweli, kwani ulikuwa bado umo kwenye ujumbe wa Anti Stacy kwa simu yangu, na mara tatu nilisoma vyura kwanza, nikacheka, nikafunga. Walikuwa wazuri. Hilo ndilo tatizo na vyura wangu.

Na Jenerali alibadilika. Hakuzunguka tena meza. Alikaa. Alikaa kwenye kiti chake dirishani, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekwisha kupanda basi na sasa kazi imebaki kwa dereva. Alhamisi mbili mfululizo alimshinda Mwalimu Tao, na mara ya pili alicheka kwa sauti. Mama alisema hajawahi kumwona hivyo.

"Umemfanyia nini Mzee?" aliniuliza, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Jairus alinigusa kichwa. "Ametulia kama mtoto aliyeshiba. Wewe ukitaka, unaweza."

Nilitoka nje bila koti.

Siku ya sherehe ilikuwa Jumapili. Wageni walikuwa kama ishirini, wengi wao kutoka kituo cha kutunza wazee mchana, nao waliacha viatu vyao mlangoni katika mistari iliyonyooka. Kulikuwa na tambi ndefu za kumtakia mtu umri mrefu, kulikuwa na samaki mzima, na katikati ya meza, kwa agizo la Jenerali mwenyewe, kulikuwa na sinia ya chapati za Mama. Jenerali alivaa koti la kijivu lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Mwalimu Tao aliketishwa mbele yake. Si kando yake. Mbele yake, hatua tatu, na aliyepanga kiti hicho alikuwa Jenerali. Alikisogeza mwenyewe kwa fremu yake, nikimwona.

Nikasimama. Anti Stacy akasimama kando yangu. Nikasafisha koo kama tulivyofundishwa kwenye mdahalo, nikaanza.

Wafyatua matofali. Sufuria. Migongo. Kila sentensi yangu ilifuatwa na sentensi yake, na wazee waliitikia kwa vichwa. Kwenye vidole vya Korea mmoja alipiga goti lake. Kwenye madaraja walipiga makofi. Jenerali hakunitazama hata mara moja. Alimtazama Mwalimu Tao, akisubiri, na nilipogeuza ukurasa wa pili alivuta pumzi na kunyoosha mgongo.

Ningeweza kuruka. Nataka ijulikane kwamba nililiona hilo wazi, kama unavyoona shimo barabarani. Ningeweza kusema "Mwaka wa mafuriko", nikakohoa, nikarukia kustaafu kwake. Lakini kuna jambo hutokea mtu akiwa na kichekesho mdomoni na watu ishirini mbele yake. Nikasoma.

Anti Stacy alisita kwenye neno vyura. Alinitazama, akatazama karatasi, akafikiri labda ni methali ya huko kwao iliyoharibiwa na apu, akaitafsiri. Kicheko kikaanza kwa akina mama waliokuwa karibu na mlango. Kwenye nguruwe wa serikali kikafika mbele. Mzee mmoja alikoroma kwa kuigiza, na wenzake wakazidi kucheka.

Mwalimu Tao hakucheka. Alivua kofia yake ya sufu, akaishika kwa mikono miwili, akasema maneno machache, polepole, bila ukali wowote. Kicheko kikakatika kama redio iliyochomolewa.

"Anasema nini?" nikamnong'oneza Anti Stacy.

"Anasema mlinzi huyo alikuwa mdogo wake. Anasema jina lake lilisomwa kwenye vipaza sauti vya mkoa mzima, akafukuzwa, akaenda kuuza mikate ya mvuke kwenye mji ambako hakuna aliyemjua, akafia huko. Anasema hakujua kwamba hata hapa bado tunamcheka."

Jenerali alikuwa amegeuka. Hakujua Kiingereza changu, lakini Kichina cha binti yake alikuwa amekisikia chote. Alimwuliza swali moja. Akamwuliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, akipiga fremu yake sakafuni, na nilijua bila kutafsiriwa kwamba anasema: siyo hayo niliyosema.

Anti Stacy alikuwa karibu kulia. Aliwageukia wageni kwanza kwa Kichina, kisha akanigeukia mimi na Mama.

"Ni apu," alisema. "Ni kosa la apu, nilijua haiaminiki, ilishawahi kuandika dawa ya kikohozi kuwa dawa ya farasi. Ningezisoma kwanza. Ni kosa langu. Zachariah, pole sana, wewe umesoma tu ulichopewa."

Mbele ya Mungu na mbele ya Jamhuri mbili, ya Kenya na hii nyingine, nakiri kwamba mwili wangu wote ulipoa kwa furaha. Mlango ulikuwa wazi. Apu haina mama. Apu hairudishwi bweni. Nilishusha karatasi na kuweka uso wa kijana aliyesalitiwa na teknolojia.

"Zaka."

Mama alikuwa kwenye mlango wa jikoni, taulo begani. Hakupaza sauti. Alizungumza Kiswahili, kwa hiyo katika chumba kile chote ni mimi tu niliyemwelewa, mimi na labda Jenerali nusu.

"Zaka, hao vyura ni wa nani?"

Nilitazama viatu pale mlangoni. Vyangu vilikuwa karibu. Hatua nane, labda tisa.

"Nimekuuliza. Simu ya Mchina imejuaje vyura wako?"

"Mum..."

"Usiniite Mum. Ile siku kwa gari uliniuliza juu ya kosa. Ilikuwa hii?"

"Ulisema makosa tunaachia Mungu."

"Nilisema." Alishusha taulo begani, akalikunja mara mbili, mara tatu. "Nilisema, na nilikosea, na mimi na wewe tutaongea hiyo. Lakini mimi sikusema ucheke mtu. Sasa hapo ulipo, mwangalie huyo mzee uso wake, halafu waambie hao vyura ni wa nani."

Nilimtazama Mwalimu Tao. Kofia ilikuwa bado mikononi mwake, na alikuwa akiizungusha, akiizungusha, kama mtu asiyejua aitue wapi.

Nilifundishwa kuandika taarifa. Bwenini ukikamatwa unapewa kalamu, na kuna ufundi wake: unaanza na hali ya hewa, unawataja wenzako, unamalizia kwa majuto. Pale hakukuwa na kalamu.

"Siyo apu," nikasema kwa Kiingereza. "Ni mimi. Vyura ni wangu. Na nguruwe. Jenerali alisema kitu kingine, nikakifuta."

Anti Stacy hakutafsiri mara moja. Alinitazama, mdomo wazi, kisha akawageuzia wageni Kichina.

"Bado?" Jenerali alisema. Alilisema kwa Kiswahili, kwangu, na sijawahi kusikia neno dogo likibeba mzigo kiasi kile.

Nikatoa simu mfukoni. Ilinichukua muda kuupata ujumbe. Nikampa Anti Stacy asome mwenyewe, akakataa kwa kichwa, akasema, "Wewe. Soma ulichopewa." Basi nikasoma. *Mwaka wa mafuriko, tuta la tatu halikuvunjika. Nililivunja mimi.* Na yeye, bila kuujua mwisho wa sentensi inayofuata, akageuza, sauti yake ikishuka kila mstari. Alipofika kwenye sahihi, alisimama na kumtazama baba yake kwa muda. Jenerali akatikisa kichwa mara moja: endelea. *Mlinzi hakulala. Ndiye aliyekuja mbio kuniomba nisubiri malori.*

Tulipomaliza tambi zilikuwa zinapoa na kushikana.

Jenerali aliisukuma fremu pembeni. Akasimama bila kushika kitu, jambo ambalo Mama amemkataza miaka miwili, na Mama hakumzuia. Alimwinamia Mwalimu Tao mpaka vifungo vya koti vikajikunja, akabaki ameinama.

Mwalimu Tao hakumwinua. Aliuliza swali, na safari hii Anti Stacy alinitafsiria bila kuombwa.

"Anamwuliza, ulijua kwa muda gani."

Jenerali alijibu akiwa palepale chini.

"Miaka thelathini na miwili," alisema Anti Stacy.

Mwalimu Tao aliivaa kofia yake taratibu. Kisha akanigeukia mimi, akauliza swali lilelile, na hilo halikuhitaji mkalimani.

Miguu yangu ilikuwa imetulia. Sijui ilitulia lini.

"Siku kumi na nane," nikasema. "Nilijua siku kumi na nane, na bado nikaandika vyura."